Gari la Dawati la Waathirika

Mchungaji wetu, wazee wa ukoo, ndugu, majirani, na ninyi wageni wa serikali mliokalishwa viti vya mbele chini ya turubai, pole tumekwisha kupeana tangu jana, sasa familia imeniagiza nisome maisha ya dada yetu, na wazee wamenichagua mimi, Semi Naulu, mtoto wa shangazi yake, kwa kuwa mimi ni mtani wake, na mtani msibani hazibwi mdomo wala hadaiwi fidia. Atakayechomwa na nitakayoyasoma avumilie, marehemu alinichoma mimi maisha yake yote na sikuwahi kumpeleka mahakamani.

Marehemu Sajini Torika Nadredre alizaliwa tarehe 3 Machi 1976 katika kijiji cha Waidamu, hapa hapa kisiwani Vanua Levu, akiwa mtoto wa nne na binti wa pekee wa Mzee Peni Nadredre na Mama Vilimaina, ambao wote wametutangulia. Usiku wa kuzaliwa kwake mto ulikuwa umefurika, na mkunga alikuwa ng'ambo ya pili, hivyo baba yangu akajifunga kamba kiunoni, akavuka, akambeba mkunga mgongoni akamvusha, na mtoto akapokelewa salama, ndiyo maana katika ukoo wetu kumfikia mwenye shida halijawahi kuwa jambo la kutafutia udhuru.

Alisoma shule ya msingi ya Waidamu kuanzia mwaka 1982, kisha sekondari hapa mjini Vunidilo, akamaliza mwaka 1994, na kila mwaka alikuwa wa pili darasani, wa kwanza nilikuwa mimi, anayebisha akamuulize shahidi wake, yumo humo jenezani. Januari 1997 alijiunga na polisi, akafunzwa mjini Suva, akafanya kazi huko kwa miaka mingi, akatumwa Visiwa vya Solomon kulinda amani, na mwaka 2011 akarudi nyumbani, ambako mwaka 2016 alipandishwa cheo kuwa sajini na kukabidhiwa dawati la waathirika wa uhalifu, dawati lenyewe likiwa meza moja kando ya choo cha kituo, ambapo mwanamke aliyepigwa ilibidi asimulie habari zake huku mahabusu wakipita na ndoo.

Tarehe 12 Desemba 1998 alifunga ndoa na Ndugu Eparama, seremala, ambaye ndiye aliyechonga jeneza hili kwa mikono yake, na Mungu akawajalia watoto wawili, Ilisoni, aliye baharia, na Vasiti, ambaye mwaka huu anamaliza ualimu. Eparama ameniomba niseme kwamba katika ndoa yao hawakuwahi kulala wamenuniana, nami nimesema kwa sababu ameomba, ingawa sote tulikuwa tunawasikia.

Mwaka 2019 wafadhili walilipatia dawati lake pikapu nyeupe ya milango minne, na mlangoni waliandika maneno "Hauko peke yako", na kuanzia siku hiyo marehemu akawa mtu mwingine, gari analiosha mwenyewe kila Ijumaa, na akiitwa usiku, hata kijiji cha juu kabisa, anakwenda, anarudi na mama na watoto na magodoro yao nyuma, anawahifadhi chumba cha nyuma cha kanisa hili, na wako hapa leo wanawake ambao wanapumua kwa sababu gari lile liliwashwa likafika.

Sasa nafika pagumu. Mei 2023 iliingia bandarini kwetu yoti, meli ya anasa ndefu kuliko soko letu, mali ya tajiri wa ng'ambo aliyewekewa vikwazo na mataifa kwa sababu ya vita vya kwao, na mahakama ikaamuru izuiwe, isitoke, tena itunzwe isipungue thamani mpaka kesi iishe. Wahenga wanasema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini huyu mgeni alipofika jenereta zake zilinguruma usiku na mchana kwa mafuta ya serikali, viyoyozi vikawashwa ili picha za ukutani zisiharibike, na askari wakaondolewa vituoni wakawekwa zamu kuilinda, akiwemo marehemu, na pikapu yake nyeupe nayo ikachukuliwa, ikawa ya kubeba walinzi, mitungi ya gesi na mboga za mabaharia. Meza ya kando ya choo ikabaki na kiti kitupu.

Marehemu hakuwa na ugomvi na vikwazo, nataka lieleweke hilo, alisema tajiri yule naye ana waathirika wake, kule kwao nako kuna kina mama wanaolia, na mali yake ikizuiwa ni haki. Kilichomchoma ni viatu. Kwa sharti la nahodha askari walivua viatu vya kazi kabla ya kukanyaga sitaha, wakaviacha kwenye kikapu pale kwenye ngazi ya kupandia, na siku ya kwanza marehemu alipovua vyake alicheka akasema, "Haya jamani, leo serikali inaingia peku." Mkuu wa kituo, Inspekta Ravuso, ambaye tunaye hapa mbele, akamwambia, "Sajini, utani wako uache gatini, mbao hizo ukizikwaruza italipa nchi nzima." Marehemu akamjibu, "Na akikwaruzwa mtu, afande, analipa nani?"

Swali hilo halikukaa sana bila jibu. Tarehe 14 Oktoba 2023, siku ya Jumamosi, mchana, marehemu akiwa zamu kwenye yoti, alipigiwa simu na binti aitwaye Litia, wa kijiji cha Nabuna, ambaye alikuwa amemkimbia mumewe na amri ya mahakama ya kumlinda alikuwa nayo, amepanga chumba kule juu kwenye kiwanda cha mbao, akasema, "Dada Torika, amekuja. Anazunguka nyumba na panga." Marehemu akamwambia, "Sukuma kabati mlangoni, mwanangu, nakuja," akaita kituoni kwa redio kuomba gari, na kituo kikamjibu kwamba gari liko uwanja wa ndege linamsubiri fundi wa kiyoyozi, kwani ukumbi wa kulia chakula wa yoti umepata joto. Akaita tena, akaambiwa, "Sajini, gari lina kazi ya taifa, mwambie huyo dada aje kituoni." Aje kituoni, na kabati limesukumwa mlangoni.

Hapo marehemu aliacha zamu. Hakutafuta viatu, alishuka ngazi na soksi, akakimbia barabara ya kokoto kuelekea kiwandani, akaangukia mtaroni, akainuka, mpaka dereva wa lori la magogo alipomwona akampakia, na walipofika mlango ulikuwa umevunjwa na Litia amekwisha kukata roho, na mumewe ameketi uani anavuta sigara. Mume yule yuko gerezani, habari yake imekwisha. Habari isiyokwisha ni ya gari, ambalo saa ileile lilikuwa linashuka kutoka uwanja wa ndege, limembeba fundi mmoja na sanduku lake la vifaa, na mlangoni limeandikwa Hauko peke yako.

Wiki iliyofuata marehemu alishtakiwa kinidhamu ndani ya jeshi la polisi, kosa la kwanza kuacha lindo la mali iliyozuiwa na mahakama, kosa la pili kupoteza viatu vya serikali, maana viatu vyake vilibaki kwenye kikapu na wakubwa walitaka aeleze viko wapi. Akawaeleza. Akasimamishwa kazi. Februari mwaka huu mahakama iliiachia yoti ikapelekwa nchi moja ya yale mataifa yaliyoweka vikwazo, ikaondoka na ubaridi wake wote, na viatu vya sajini wetu vikiwa kikapuni, sijui sasa wamevitundika ukuta gani.

Kuhusu ugonjwa, marehemu alikuwa na kisukari tangu mwaka 2014, alikidhibiti vizuri, ila nyayo zake zilichanwa na kokoto siku ile, na kidonda cha mguu wa kulia hakikupona, kikaoza taratibu, Machi akakatwa mguu chini ya goti, Mei sumu ikaingia kwenye damu. Cheti kimeandika kisukari. Sisi familia hatubishani na daktari, tunasoma tu kilichotangulia.

Katika kipindi hicho cha ugonjwa Inspekta Ravuso, akiwa na wenzake, alifika nyumbani kwa marehemu mara mbili, mara zote mbili na tabua mkononi, jino la nyangumi la kuzika kosa, na kila mtu hapa anajua uzito wa jino hilo na aibu ya kulikataa. Mara ya kwanza alisema, "Sajini, tumekuja kwa unyenyekevu, yaliyopita yaishe, utarudishwa kazini, tufunike kombe mwanaharamu apite." Marehemu alikuwa amelala mkekani, mguu juu ya mto, akauliza, "Huyu mwanaharamu kwetu amepita mara ngapi, afande? Tangu niko kazini nafunika kombe, mume anampiga mkewe, wazee wanaleta jino, kombe linafunikwa, na mwezi ujao namfuata mke huyohuyo hospitali." Kisha akauliza, "Mmekuja na gari gani?" Wakasema ile pikapu. Akasema, "Basi ni zima. Aliyekosewa si mimi. Mama yake Litia yuko Nabuna, mpelekeeni jino, mseme mbele yake, gari la binti yako tulilichukua tukampa mwenye yoti. Mkishasema hivyo, hata mimi nitapiga makofi ya kupokea."

Wakasema barabara ya Nabuna ni mbaya.

Mara ya pili marehemu alikuwa na mguu mmoja, na wazee wetu wenyewe wakamgombeza, wakamwambia anauaibisha ukoo, hakuna aliyewahi kuirudisha tabua mlangoni, akalia, kwa sababu aliwaheshimu, na bado hakupokea. Alisema, "Niacheni nife na neno moja hili. Kosa likizikwa halijatajwa jina, linafukuliwa." Alifariki hospitalini alfajiri ya Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, Eparama na Vasiti wakiwa kando yake, Ilisoni akiwa baharini, na maneno yake ya mwisho kwa mumewe yalikuwa kumkumbusha kwamba mama yule wa Nabuna hajaambiwa.

Jana jioni ujumbe wa serikali ulileta mikeka, mafuta na tabua ya msiba, kama mila inavyotaka, na tunashukuru. Lakini Inspekta alipokwisha kutoa pole, aliinamisha kichwa akaongeza kwa sauti ya chini, "Na yale mengine nayo yazikwe pamoja naye," na msemaji wetu, mzee wa watu, masikio yake tunayajua, akapiga makofi akapokea. Sasa familia imekaa usiku kucha, na uamuzi wake nausoma kama ulivyoandikwa. Jino tulilopokea ni la msiba peke yake. Ndani ya msiba hatupokei msamaha uliofichwa, kama mtu anayechomeka soksi chafu katikati ya nguo za kufuliwa za jirani. Alichokikataa Torika akiwa hai hatutakipokea kwa sababu tu hawezi tena kukikataa.

Shukrani zetu ziwaendee daktari wa wodi ya upasuaji na wauguzi wote, hasa yule wa zamu ya usiku aliyekuwa akimsuka nywele, majirani wa Vunidilo kwa kuni na magimbi, dereva wa lori la magogo, ambaye hakuuliza gari lake lina kazi gani, askari wenzake waliofika hapa bila sare kwa sababu hawakuruhusiwa kuja na sare, na Mama Asenaca wa Nabuna, mama yake Litia, yule pale nyuma kwa wapishi, ambaye aliondoka kwake juzi, akatembea mpaka barabara kuu, akadandia lori, akafika na furushi la magimbi kichwani, kwa barabara hiyohiyo ambayo haipitiki.

Tumeambiwa pia serikali imetoa gari la kubeba jeneza, na ni kweli, liko pale nje, limeoshwa, limefungwa kitambaa cheusi, na maandishi ya mlangoni yanasomeka. Tunashukuru, lakini Torika tutambeba mabegani, makaburi hayako mbali na waliokuwa wakibebwa naye wamejitokeza kumbeba. Gari lile tunaomba lifanye kazi yake. Tukishazika, Mama Asenaca apande mbele, na wewe Inspekta, kiti cha nyuma, na jino lingine mapajani, mwende Nabuna, ukaketi mkekani kwake, ulitaje kosa kwa jina lake. Viatu utavua mlangoni, najua sharti hilo unalijua.

Pumzika sasa kwa amani, Sajini. Gari limepatikana.