Mama Celestine Ajwang na Nzohe wa Shambani Kwake

Wapendwa waombolezaji, wachungaji, wazee wa ukoo na majirani, haya ndiyo maisha ya Mama Celestine Ajwang Oketch, yakisomwa na kifunguamimba wake, Lornah, kwa niaba ya wale wa familia waliokubali yasomwe yote.

Mama alizaliwa tarehe 14 Machi 1959 huko Muhoroni, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Ooko, dereva wa trekta la miwa. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, akafaulu mtihani wa darasa la saba, lakini karo ikamwendea kaka yake aliyefeli, na Mama akapelekwa kwa shangazi yake Kondele kujifunza kusuka mikeka ya mafunjo, kazi aliyoifanya mpaka vidole vikakataa kunyooka.

Tarehe 6 Agosti 1979 alifunga ndoa na Mzee Oketch, fundi wa mawe, wakahamia ekari nne za mumewe kando ya ziwa, chini ya Nyamasaria, ekari moja kavu na tatu za mafunjo, wakajaliwa Lornah mwaka 1981 na, baada ya mimba tatu kuharibika, Calvince mwaka 1990. Mzee Oketch alifariki tarehe 2 Mei 2009, na ndugu yake, Mzee Mathews, akataka kulichukua shamba kabla udongo wa kaburi haujakauka, lakini Mama alisimama mahakamani miaka mitatu mpaka hati ikaandikwa jina lake.

Asubuhi ya tarehe 19 Julai 2016, akikata mafunjo, alimkuta nzohe, yule swala wa majini ambaye wengi hapa hatukuwahi kumwona, amenaswa na waya wa wawindaji, akaukata waya kwa panga huku mnyama akimpiga mateke hadi mkono ukavunjika. Alifurahi kama aliyepata mjukuu, akalisimulia jambo hilo kanisani, na habari ikawafikia maafisa wa wanyamapori, wakaja, wakahesabu nzohe tisa, wakampiga Mama picha, na tarehe 5 Machi 2018 wakarudi na amri kwamba mafunjo yale yasikatwe, yasilimwe wala yasichomwe.

Mama hakuomba nzohe waondolewe, aliomba tu akate theluthi moja kila mwaka, kwa zamu, ili mafunjo yaote tena na wanyama wapate pa kujificha, na barua tano zilipokosa majibu alikwenda mwenyewe mpaka ofisini.

"Mama, sheria haijui theluthi," afisa mmoja, Bwana Mukhwana, alimwambia.

"Hati ni yangu, mnyama ni wa serikali," Mama akamjibu. "Na mimi, Bwana, ni wa nani?"

Alirudi nyumbani, akaanza kununua mafunjo sokoni ili asuke mikeka, akiyatazama yake yakizeeka.

Tarehe 11 Februari 2022, mchana wa upepo mkali, Calvince aliwasha moto, akisema nzohe wakiisha amri nayo itaisha. Mama aliingia ndani ya moshi na ndoo, akatoka bila nyusi, akiwa amebeba mikononi ndama wa nzohe aliyekufa, na jioni ile ikahesabiwa mizoga sita. Mahakamani aliulizwa nani aliwasha. Hakimu alirudia swali, naye akasema, "Ni mtoto wangu. Nilimwona na kiberiti." Tarehe 3 Juni Calvince alifungwa miaka mitano, na kwenye kikao cha ukoo Mzee Mathews akasimama na kumwambia Mama, "Shemeji, umeuza mtoto kwa swala," na tangu siku hiyo hakuna mtu wa ukoo aliyekula chakula chake. Amri haikuondolewa.

Kila mwezi Mama alikwenda gerezani na uji kwenye chupa, mara thelathini, na mara thelathini askari alirudi na jibu lile lile, kwamba mfungwa hana mama. Mapafu yaliyokula moshi yalianza kumshinda Januari 2025, akalazwa Kisumu mara nne. Calvince, aliyepunguziwa theluthi ya kifungo, aliachiliwa tarehe 3 Oktoba, akafikia Kondele kwa rafiki, akaambiwa wodi na nambari ya kitanda, naye hakwenda. Kwa siku sita Mama aliuliza kama ni yeye kila mlango ulipolia, na tarehe 9 Oktoba 2025, saa kumi na moja jioni, akafariki. Familia iliomba sehemu hii iondolewe. Haikuondolewa, na Calvince ameketi hapo mstari wa pili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani wa Nyamasaria waliomletea maji ukoo ulipokataa, na wasusi wenzake wa Kondele walionunua sanda. Tunamshukuru zaidi Bwana Nakhungu, msafishaji wa wodi, ambaye jioni ile Mama alimshika mkono, akamwita Calvince na kumwomba msamaha, naye akaweka ufagio chini, akaketi kitandani, akamwambia, "Nimekuja, Mama. Nimekusamehe."

Pumzika kwa amani, Mama. Ulikufa ukiamini amekuja.