Vita Asivyopigana Feridun Tezcan

Marehemu Feridun Tezcan alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 mjini Tokat, mtaa wa wafua shaba, akiwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa Mzee Rifat Tezcan na Mama Zeliha. Waliomtangulia ni kaka yake Necdet na dada yake Nermin. Mama yao alizoea kusimulia kwamba Feridun alitoka tumboni kimya, mkunga akamchapa makofi matatu kabla hajalia, na alipolia alilia kwa adabu. Siku ya kutahiriwa, akiwa na miaka saba, alivishwa joho jeupe na kupewa upanga wa bati, kama wanavyofanyiwa watoto wetu wote. Upanga aliugawa siku hiyo hiyo kwa mtoto wa jirani. Joho alikataa kulivua kwa siku nne, na baba yake, ambaye wakati ule bado alikuwa mtu wa kucheka, alimbeba nalo mabegani mpaka sokoni.

Alisoma shule ya msingi na sekondari hapa hapa Tokat, kisha akapata nafasi ya kusomea ualimu wa sanaa mjini Samsun. Alihitimu Juni 1988. Mwalimu wake aliandika kwenye cheti kwamba kijana huyu ana mkono mtulivu kuliko moyo wake. Mzee Rifat alikitundika cheti dukani, juu ya masufuria, na kila mteja alilazimika kukisoma kabla ya kuambiwa bei.

Machi 1989 aliitwa jeshini. Mbele ya daktari wa hospitali moja ya jeshi aliulizwa kama kuna jambo lolote la kumzuia kutumika, naye, kwa kuwa hakulelewa kusema uongo, alisema kwamba anapenda wanaume. Sheria ilimpa mtu wa namna hiyo karatasi ya kumwondoa jeshini. Mwenye karatasi ile huitwa mbovu, neno lile lile la tikiti lililooza sokoni. Lakini jeshi halitoi ubovu bure. Walimlaza wodi ya wagonjwa wa akili siku kumi na tisa. Wakamtaka alete picha. Picha za namna gani, watu wazima mlio hapa mnaelewa, na masharti yalikuwa kwamba uso uonekane. Uso wake mwenyewe angeutoa. Ila picha ya namna ile ina nyuso mbili, na wa pili alikuwa mwalimu kijana wa Samsun ambaye jina lake lingebaki kabatini mwa jeshi maisha yake yote. Feridun akakataa. Basi, wakasema, aje mtu wa familia athibitishe.

Mzee Rifat hakwenda. Alimtuma Necdet, mkubwa wa Feridun kwa miaka minane, aliyekuwa ametumika jeshini na kurudi na cheo cha sajini. Walikutana kwenye ukumbi wa hospitali asubuhi ya tarehe 11 Aprili. Feridun alikuwa amevaa pajama za wodi, suruali imefungwa kwa kamba ya bandeji.

"Kaka, neno moja tu," alimwambia. "Sema ndiyo, nirudi nyumbani."

"Na mimi nirudi nyumbani na nini? Nimwambie nini mama?"

"Mama anajua."

"Mama anajua, majirani hawajui," Necdet alijibu, akaingia.

Kanali daktari aliuliza swali lake mara moja, mbele ya ndugu wote wawili. Necdet alisimama wima kama yuko gwaride. Alisema, "Bwana Kanali, kwetu watu wa aina hiyo hawazaliwi. Mpeni bunduki, atanyooka."

Wakampa bunduki. Alipelekwa kambi ya mashariki, karibu na mpaka, na faili lake likamfuata. Ndani ya faili kulikuwa na kila alichokisema kwa daktari, na juu yake muhuri kwamba hakuaminiwa. Karani wa kambi alilisoma kwa sauti wakati wa chai. Tangu siku hiyo hakuitwa Feridun. "Bibi harusi, chai imepoa." "Bibi harusi, nani kakuruhusu kukaa?" Mambo mengine ya miezi ile marehemu hakuyasimulia, na wasifu huu hautayabuni. Alichosimulia ni cha tarehe 8 Februari 1990, bafuni, ambapo watu wanne walimshika na wa tano akampiga sikio la kushoto kwa kiatu cha mbao mpaka kiatu kikapasuka. Walimkasirikia kwa kuwavunjia kiatu. Jeraha lilitunga usaha, na sikio likafa.

Aprili alirudishwa hospitali ile ile, kwa madaktari wale wale. Safari hii hawakudai picha wala ndugu. Iliwachukua dakika kumi. Karatasi aliyoiomba kwa mdomo aliipata kwa sikio.

Aliposhuka basi hapa Tokat tarehe 3 Mei, alikuta ngoma na zumari. Necdet alikuwa ameutangazia mtaa mzima kwamba mdogo wake amekanyaga bomu la kutegwa ardhini na Mungu kamnusuru. Wengi wenu mlikuwepo. Mlimbeba juujuu, mkapiga kelele za furaha, na Mama Zeliha akalibusu lile sikio. Feridun alimtazama mama yake, aliyekuwa na uso wa furaha ambao hakuwa ameuona kwa mwaka mzima, akaufunga mdomo wake. Ndivyo alivyogeuka shujaa wa vita asivyopigana.

Mkahawani alipewa kiti cha karibu na jiko na chai ya bure kwa miaka thelathini na minne. Yeye hakusimulia bomu. Lilisimuliwa na Necdet, ambaye kila mwaka aliitia hadithi chumvi. Mwanzo bomu liliua nyumbu. Baadaye liliua nyumbu na askari wawili. Kufikia mwaka 2000 Feridun alikuwa amembeba mmoja wao mgongoni, kilomita sita, kwenye theluji. Vijana walioitwa jeshini waliletwa na mama zao wabusu mkono wake, hina ya kuwaaga ingali mbichi viganjani mwao. Mmoja alimwomba ushauri. Feridun alimwambia, "Daktari akikuuliza kitu, usimpeleke kaka yako." Mkahawa mzima ulicheka, Necdet akiwa wa kwanza.

Ualimu hakuupata. Kila fomu ya kazi iliuliza habari za jeshi, na karatasi yake ilijibu kabla yake. Alijifunza kuchapa vitambaa vya kichwa kwa vibao vya mti, akawa fundi aliyesifika kwa nyekundu isiyochuja. Wanawake wa Tokat walizoea kusimama upande wake wa kulia wakitaka kupunguziwa bei, na upande wa kushoto wakitaka kumsema.

Marehemu hakuoa. Mwaka 1997 alikuja karakanani mchonga vibao kutoka mji wa Zile, Ilyas Gündem, wakaishi pamoja ghorofani, juu ya karakana, kwa miaka ishirini na saba. Majirani walisema ni msaidizi. Mama Zeliha alituma dolma, wali uliofungwa kwa majani ya mzabibu, kila Ijumaa, sahani mbili, na alitaka zote mbili zirudi. Alipofariki mwaka 2009, Feridun alimwambia kaka yake kwamba sasa hakuna wa kumlinda, ataueleza mtaa ukweli wa sikio.

"Eleza," Necdet alisema. "Nyumba ina jina langu. Ukieleza leo, kesho Ilyas analala barabarani."

Feridun akaendelea kunywa chai ya bure.

Aliugua saratani ya mapafu mwezi Novemba 2023. Ilyas alimhudumia mpaka alipolazwa, Septemba mwaka huu. Tarehe 2 Oktoba, Ilyas akiwa hospitalini na bakuli la supu, Necdet alibadilisha kufuli za karakana na kuvitoa vibao vyote uani, kwenye mvua. Tarehe 7 alikuja wodini kuomba radhi, kwa sababu hakuna Muislamu anayetaka ndugu yake aende kaburini na haki yake mkononi.

"Niwie radhi, Feridun. Yaliyopita yamepita. Niwie radhi."

Mgonjwa hakujibu. Necdet alidhani hajasikia, akazunguka kitanda upande wa kulia na kurudia kwa sauti kubwa, mpaka muuguzi akaja kumtuliza. Feridun alisubiri amalize. Kisha alisema, bila kupandisha sauti, mbele ya muuguzi, Nermin na Ilyas: "Ulinyimwa neno moja siku gani maishani mwako, kaka? Basi leo ndiyo siku yenyewe."

Alifariki Jumatano, tarehe 9 Oktoba 2024, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka hamsini na minane. Kabla ya hapo alimwelekeza mpwa wake Sevim, anayewasomea, aandike haya, kwa kuwa Ilyas alikwisha kufukuzwa na hakuna kilichobaki cha kutishiwa. Bendera iliyoletwa asubuhi hii kufunika jeneza imerudishwa kwa aliyeileta.

Punde imamu atawauliza mara tatu kama mnamwia radhi marehemu. Mjibu mnavyoona. Mlimpa chai, naye aliinywa.

Marehemu ameacha dada yake Nermin na watoto wawili wa dada huyo, Sevim na Tarık. Ameacha mwenzi wake Ilyas Gündem, ambaye amesimama kule nyuma kwenye lango na anaombwa asogee mbele, safu ya wafiwa. Ameacha kaka mmoja, Necdet Tezcan, na hakumwachia radhi.

Marehemu apumzike.