Mshono Mdogo wa Mstari wa Tatu

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wetu, mameneja, washonaji wenzetu mlioacha vyerehani vikipoa,

Karibu sana. Tumefurahi kwamba umepita kwetu kabla ya ofisini, na njiani ukamsaidia mama wa usafi kuinua ndoo. Tumeona. Leo unazindua mapipa ya mabaki ya vitambaa, na sisi wa mstari wa tatu tumeombwa kusema machache. Ninayesoma ni mimi, bibi yao; nikisita, ni miwani.

Tulikotoka

Zamani fulana yetu moja ilivaliwa na mtoto, ikamfaa mdogo wake, ndipo ikawa tambara la kudekia. Siku hizi kila wiki kuna oda na mtindo mpya. Fulana ikifuliwa mara tatu, kwapa linaachia. Zinazorudishwa na maduka huchomwa nyuma ya ghala, na moshi huingia majumbani mwetu, ng'ambo ya ukuta.

Tulichofanya

Miezi minne iliyopita ilikuja karatasi ya ofisi: "Punguzeni mshono." Msimamizi wetu aliniletea.

"Bibi, wanataka mshono upungue."

"Uwe mdogo?"

"Hata sijui. Ngoja nikaulize."

Huko akajibiwa, "Fanyeni kama ilivyoandikwa." Lakini kabla hajarudi, sisi tulikwisha kuzungusha vigurudumu vya kupimia mshono kwenye vyerehani, mshono ukawa mdogo kama chembe ya ufuta. Kumbe ofisi ilitaka mishono michache, mirefu, ili kazi iende mbio! Wiki sita tukawa nyuma ya wenzetu, hadi ofisi ilipogundua na kuturudisha kwenye mshono mrefu. Wakataji wakatucheka: "Fulana za mstari wa tatu, bibi, mtazikwa nazo!"

Mgeni rasmi, karani wa ghala ametuonyesha daftari. Fulana za wiki hizo sita, hata moja haijarudi kwa kufumuka. Za mistari mingine zimerudi magunia kwa magunia.

Kinachotusumbua

Msimamizi amepewa barua. Mwisho wa mwezi anaondoka, kwa kosa la kutoelewa maagizo. Hakutuambia, tulijua tulipomwona akimfundisha mwenzake kazi yake, kwa upole, kama anayekwenda likizo. Ni mtu wa kumpa mjamzito kiti chake, naye akashinda amesimama. Na ofisini hakututaja.

Mapipa tunayashukuru. Ila pipa huipokea nguo ikishaharibika.

Tunachoomba

Mshono mdogo urudi, na uwe wa mistari yote. Tumepima: kila fulana inaongezeka nusu dakika. Tunaomba nusu dakika hiyo.

Barua ya msimamizi ifutwe. Kama ni lazima kosa liandikwe, liandikwe lilipotokea. Kigurudumu cha kwanza kilizungushwa na mkono huu unaoshika karatasi, na wenzangu wakafuata kwa sababu mimi ni bibi yao. Yeye alikuwa bado mlangoni pa ofisi, anauliza. Katika chumba hiki kizima, ni yeye peke yake aliyeuliza.

Mungu akurudishe kwako salama, na nguo uliyovaa idumu mwilini mwako.

Ni sisi,
Washonaji wa Mstari wa Tatu,
watu thelathini na mmoja, msimamizi wetu akiwemo.