Mwalimu Aliyefundisha Anga kwa Taa na Chungwa

Dada yetu mkubwa, ambaye wanafunzi walimwita Mama Sayari, alizaliwa tarehe 14 Machi 1974, kifungua mimba wa fundi cherehani na muuza mboga. Sisi tuliomfuata tulilelewa mgongoni kwake.

Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya reli, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1996 alihitimu chuo cha ualimu. Alipangiwa kufundisha sayansi darasa la sita na la saba. Somo la anga alilipenda kupita kiasi. Shule haikuwa na darubini, hivyo alichukua taa ya meza na chungwa lililochomekwa kwenye kalamu. Akilizungusha, watoto walijionea mchana unavyogeuka usiku. Kipindi kikiisha, dunia ilimenywa ikaliwa.

Mumewe, fundi umeme, alikutana naye mwaka 1999 alipokwenda kutengeneza soketi ya darasa lile.

"Fundi, shika hii taa, usisogee. Leo wewe ni jua."

Alisimama kipindi kizima. Walifunga ndoa mwaka uliofuata na, baada ya kungoja sana, wakajaliwa binti.

Figo zake zilianza kushindwa mwaka 2021. Ndugu wote tulipimwa, hakuna aliyemfaa. Akawa anasafishwa damu kila wiki, na akipata nafuu anarudi darasani. Jumatatu iliyopita mashine pekee ya hospitali ilizima. Shemeji alimsihi mhudumu, "Mimi ni fundi umeme. Nifungulie niione tu."

"Baba, siwezi. Ukikosea, nani atajibu?"

"Na tukikaa hivi, nani atajibu?"

Hakufunguliwa. Alikaa sakafuni, akalia mbele za watu.

Jumatano, tarehe 17 Mei 2023, tulimpakia garini kumpeleka hospitali ya mji mwingine. Usingizi ulimwelemea njiani. Binti yake, aliyempakata kichwa, alimsemesha asilale.

"Mama, sayari ya kwanza?"

"Utaridi."

"Ya pili?"

"Zuhura."

"Ya tatu, Mama? Hiyo ni rahisi."

Hakujibu. Binti aliendelea kuuliza mpaka tukafika.

Ameacha mume, binti, wadogo zake watatu, na mama yetu ambaye hajatia kitu mdomoni tangu siku ile. Tunaomba leo mtu yeyote asimwulize binti habari za safari hiyo.

Mwenyezi Mungu ampumzishe kwa amani. Sisi tulimshikilia mpaka nguvu zikatuishia.