Tambi za Bangkok

Kwenye basi la kwenda uwanja wa ndege wa Halifax, nyuma yangu, bibi mmoja alikuwa akimwambia mzee asiyemjua kwamba anarudi Bangkok kula tambi za Kiitaliano hotelini.

"Uvuke dunia nzima ukale tambi?" mzee akacheka. "Na vyakula vyao vyote vile, mama wee!"

"Hata marehemu mume wangu, Alcide, nilimwambia hivyohivyo. Alikuwa mgonjwa, chakula hakipiti. Jioni moja kule Bangkok akasema anatamani tambi, tukashuka mgahawani pale hotelini. Alimaliza sahani yake, kisha akachovya mkate kwenye mchuzi wangu. Miezi mingi sikuwa nimemwona akila vile."

Mzee aliacha kucheka. Mimi niliacha kujifanya nasoma gazeti.

"Usiende, dada," akasema taratibu. "Mpishi atakuwa mwingine. Ukizionja utaipoteza hata ile ladha unayoikumbuka."

"Basi nitaagiza sahani mbili nisiguse hata moja. Nitakaa tu pale."

"Utalia mbele za watu."

"Nilie! Huko nani ananijua?"

Basi likasimama. Mzee akambebea begi mpaka mlangoni, bado akimsihi asiende.