Historia ya Marehemu Teofili Kasiani Likwambe, Mpiga Ngoma Aliyenyimwa Moto

Baba Padre, wazee wetu, akina mama mlioko kwenye vyungu, majirani wa Lipangalala, wageni mliovuka mto kwa kivuko cha asubuhi, na ninyi wajumbe wa Kivukoni Jazz mliokalia benchi la mbele kama wafiwa, familia inawapa pole na inawakaribisha wote, hata wale ambao mama mfiwa angefurahi zaidi kama wangepotea njia. Tutulie basi, historia ya marehemu si ndefu, na atakayejisikia vibaya katikati avumilie, maana mlango wa uani tumeufunga.

Marehemu Teofili Kasiani Likwambe alizaliwa tarehe 6 Machi 1910 katika kijiji cha Sali, huko Mahenge, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa Mzee Kasiani Likwambe na Mama Justa, akabatizwa tarehe 3 Aprili mwaka huohuo, na waliokuwepo waliacha neno kwamba alilia kwa mapigo, analia mara moja, ananyamaza, analia mara mbili, hata katekista akajikuta anatikisa mguu mbele ya altare.

Kuhusu elimu, marehemu alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1919 hadi 1923, akafika darasa la nne, akajua kusoma, kuandika na kuimba Kilatini bila kuelewa hata neno, kisha akaacha kwa sababu baba yake alihitaji mtu wa kufukuza ngedere shambani, kazi aliyoifanya kwa kupiga debe tupu, na kwa kauli ya majirani, baada ya mwezi mmoja ngedere waliacha mahindi wakawa wanakuja kusikiliza.

Kuhusu kazi, mwaka 1929 aliteremka bondeni akaajiriwa kupasua mbao, kazi aliyoifanya hadi mwaka 1947, ndipo akafungua kibanda chake cha useremala hapa Ifakara, na vitanda alivyotengeneza bado vinalala watu, wakiwemo baadhi ya wajumbe wa benchi la mbele, ambao tunawatakia usingizi kadiri dhamiri zao zinavyoruhusu. Tarehe 12 Septemba 1936 alifunga ndoa takatifu na Eufrasia, huyu hapa aliyejifunga kaniki, na Mungu akawajalia watoto watano, wawili wakatangulia wangali wachanga, wakabaki Wendelin, Konsolata na Verediana, ambaye ndiye kitinda mimba.

Sasa tunafika kwenye ngoma. Tarehe 14 Mei 1950 marehemu pamoja na wenzake sita walianzisha bendi ya dansi ya Kivukoni Jazz, yeye akiwa mpiga ngoma, na ngoma zake tatu alizichonga mwenyewe kwa mninga, akaziwamba kwa ngozi ya mbuzi jike. Ngoma ya ngozi, kwa wasiojua, katika bonde hili lenye unyevu hulegea kama mdomo wa mtu aliyesinzia, kwa hiyo kabla ya kila dansi marehemu aliwasha moto wa magunzi ya mahindi, akaziinamisha ngoma mbele yake, akazigeuza polepole na kuzigonga kwa kidole hadi zilipoitika, na Verediana ndiye aliyekaa naye motoni tangu akiwa na miaka saba, ndiye anayejua ngozi inaitika lini.

Alivyokuwa anapiga, waulizeni watu wa Malinyi. Tarehe 7 Agosti 1954 bendi ilialikwa huko kwenye harusi ya binti wa Mzee Evaristo, ambaye mguu wake wa kushoto ulivunjwa na kiboko akivua samaki, na siku ile mzee alitaka kucheza na mwanawe lakini aliona aibu, akawa anasema, "Mimi nimekula nimeshiba, chezeni ninyi." Marehemu aliutazama tu ule mguu, akaichelewesha rumba kidogo upande wa kushoto, pigo baada ya pigo, mpaka ukumbi mzima ukawa unachechemea kwa raha, na Mzee Evaristo akacheza nyimbo tatu bila mtu hata mmoja kutambua nani mlemavu na nani mzima.

Raimundi, usiinamishe kichwa, bado hatujafika kwako, ila tunakaribia. Raimundi ndiye kiongozi wa bendi, na marehemu ndiye aliyemsimamia ubatizo na kumfundisha kushika gitaa, na hadi mwaka huu alikuwa akimwamkia shikamoo Mjomba kwa magoti yote mawili. Mwezi Septemba mwaka huu wa 1959, mwenye mashine ya kukoboa mpunga aliletewa na nduguye kutoka ng'ambo sanduku la umeme linalopiga ngoma, likaja kwa meli, kwa treni na kwa lori, sanduku la mbao lenye kimo cha kiuno, limepakwa vanishi, lina spika tumboni na vifungo kifuani, ukibonyeza walsi linapiga walsi, ukibonyeza rumba linapiga rumba, haliombi maji, haligombani na mke wake. Raimundi alipoliona alilizunguka mara tatu, akalipapasa mgongo kama mtu anayenunua ng'ombe, akatangaza kwamba bendi itachagua kati ya sanduku na Mjomba wake.

Wajumbe walikwenda kulikagua, na tunajua walichokagua, mmoja alisifu vanishi, mwingine alisifu taa nyekundu, Fridolin, ambaye ni katibu, alisifu kwamba linafungwa kwa kufuli. Marehemu aliliinamia kwa heshima, kwa kuwa alikuwa seremala na kazi nzuri ya mbao aliijua, kisha akauliza maswali mawili tu, "Hili linasikia?" na "Likikosea, linajua?" Raimundi akacheka mbele ya watu, akasema, "Mjomba, dunia inakwenda, ngozi waachie ng'ombe." Marehemu akamjibu, "Na wewe masikio umemwachia nani?"

Majaribio yalipangwa siku ya Jumamosi tarehe 3 Oktoba, saa tisa alasiri, katika uwanja wa mashine ya kukobolea, kwa sababu ndipo penye injini ya kutoa umeme, na hapo ndipo familia inaomba masikio yenu. Uwanja ule una vichuguu vya pumba kavu kila upande, na mwenye mashine, kwa haki yake kabisa, hataki hata kiberiti pale, jambo ambalo Ifakara nzima inalijua na Raimundi analijua kuliko Ifakara, kwa kuwa aliwahi kufukuzwa pale na sigara mdomoni. Marehemu alifika na magunzi yake kwenye kikapu, akaambiwa hapana moto, akaomba apashe ngoma ng'ambo ya barabara, Raimundi akasema wajumbe wana haraka, akaomba waahirishe waende uwanja mwingine, Raimundi akasema, "Mwenzako yuko tayari," akinyoosha kidole kwenye sanduku.

Kwa ajili ya sanduku kinu kilisimamishwa kukoboa, ili injini isihangaike, sanduku likabembelezwa kama bibi harusi. Kwa ajili ya mtu mwenye miaka arobaini na tisa na ngoma baridi, kulikuwa na neno moja tu, piga. Alipiga, na ngozi ikatoa sauti ya mtu anayepiga godoro, watoto wakacheka, na wajumbe wakapiga kura hapohapo, watano wakachagua sanduku, Sebastiani wa tarumbeta peke yake akamchagua mtu, na leo yeye peke yake amepewa kiti chenye mgongo. Kisha Fridolin akafungua kitabu cha mikutano, akaandika sentensi ambayo marehemu aliisoma kwa macho yake, tena mara mbili, "Ngoma ya Bwana Teofili imejaribiwa, imeonekana haina sauti."

Kutolewa kwenye bendi marehemu alikubali, akasema bendi ni mali ya wote na kura ni kura. Kilichomkaa kooni ni ile sentensi. Alitaka jambo moja tu, ngoma isikilizwe ikiwa imepashwa moto, kisha sentensi ifutwe. Alimwendea Raimundi nyumbani tarehe 5 Oktoba, akajibiwa, "Mjomba, kilichoandikwa kimeandikwa, kwani ni kitu gani?" Mama Eufrasia anasema siku hiyo mumewe alirudi, akazifunika ngoma zote tatu kwa shuka la kitanda.

Dansi la kwanza la sanduku lilifanyika palepale uwanjani Jumamosi tarehe 17 Oktoba, mchana kweupe, watu wamevaa viatu. Siku hiyo lori lilikuwa linasubiri mzigo, kwa hiyo kinu kilikuwa kazini, na injini ni ileile moja, kila gunia la mpunga lilipomiminwa injini ililemewa, na sanduku nalo likalemewa, rumba ikazama ikawa ya kumsindikiza paroko kaburini, gunia likiisha rumba ikaruka kama mbuzi aliyekanyaga kaa la moto, wanaume wakakanyaga wake zao, wengine wakakanyaga wake za wenzao. Raimundi alimkimbilia mkobozi na gitaa shingoni, akapiga kelele, "Acha kumimina!" na mkobozi akamjibu, "Niache mpunga wa watu kwa ajili ya kabati lako?" Waliokuwepo wamo humu, na tunawaona wanavyojibana.

Jumatatu yake Fridolin alitumwa kwa marehemu, akaamkia vizuri, akakaa, akasema bendi inamwomba aje apige pembeni ya sanduku, alishikilie likiyumba. Ndugu waombolezaji, hata punda hatukanwi hivyo. Marehemu alimkaribisha ugali, akamwambia, "Nitakuja hata kesho, kwanza futeni." Fridolin akala, akanawa, akaondoka, na bendi ikaona ni afadhali kusimamisha madansi yote kuliko kuchukua kalamu na kupiga mstari mmoja.

Tarehe 8 Novemba marehemu alianza kuumwa, kifua kikabana, homa ikapanda, na tarehe 11 alipelekwa hospitali, ambako ilionekana ni mapafu. Hapa familia inataka kusema wazi ili msitoke na uzushi, Raimundi hakumuua mtu, mapafu ni mapafu, asibebeshwe ya Mungu, ana ya kwake yanamtosha. Tarehe 25 Novemba Raimundi alikuja kumwona na machungwa sita, akaongea habari za mvua, akaongea habari za barabara, na marehemu, ambaye alikuwa anahesabu pumzi, akamkatiza, "Mmefuta?" Raimundi akamwambia, "Mjomba, pona kwanza." Marehemu akageukia ukutani, na machungwa waligawiwa wagonjwa wengine. Alifariki siku ya Jumatano tarehe 2 Desemba 1959, saa nne asubuhi, akiwa na Mama Eufrasia na Verediana, na ameacha mke, watoto watatu, wajukuu wanne na sentensi moja.

Familia inawashukuru madaktari, wauguzi na masista waliomhudumia marehemu kwa usiku na mchana, inawashukuru majirani wa Lipangalala kwa kuni, maji, unga na mabega, inamshukuru Mzee Evaristo aliyetoka Malinyi na mguu wake ule, na inawashukuru wafanyakazi wenzake wa useremala waliolitengeneza jeneza hili bila hata msumari mmoja uliopinda. Bendi ya Kivukoni Jazz imeleta ombi kwamba ipige wimbo kaburini, na jibu la familia ni hapana.

Badala yake, huo moshi mnaousikia ukitoka uani, ambao mlidhani ni wali, ni magunzi, Verediana yuko motoni tangu alfajiri, na ngoma ya baba yake imeshaitika. Baba Padre ameturuhusu dakika tano kabla ya kulitoa jeneza. Verediana atapiga, na ninyi wajumbe watano mtasikiliza mkiwa wima, na akimaliza, Raimundi, wewe uliyekuwa na haraka tarehe 3 Oktoba, utawaambia watu hawa kwa sauti ya kufika barabarani kama ngoma hii ina sauti au haina, na Fridolin, ambaye kitabu tumekiona hapo kwapani, ataandika utakachosema.

Leta ngoma, Verediana. Pumzika, Teofili, zamu ya kusimama ni yao.