Kona Ambayo Mpira Hauruki

Mtumbwi wa kwenda Alunguli, ng'ambo ya mto, hauna redio, basi Falone aliwasikiliza abiria wa nyuma yake. Kijana mwenye raketi alikuwa akimsimulia mama mmoja, ingawa hawakujuana, tenisi aliyoiona kwenye televizheni. "Walipaka udongo rangi ya buluu, mama. Siye watazamaji tuliona mupira muzuri, lakini wachezaji waliteleza mupaka wakakasirika. Na kwetu Mikelenge, kiwanja cha udongo wa kichuguu, iko kona moja mupira hauruki. Tunashindilia, udongo unashuka tena."

Falone aliona hiyo ni shida ya watu walioshiba.

"Kona ya karibu na muchikichi?" mama aliuliza.

"Njo hiyo."

"Wakati wa vita njia ya makaburi ilifungwa. Pale njo nilimuzika bwana yangu."

Falone aligeuka nyuma. Kijana alilaza raketi magotini, asijue mikono aiweke wapi. Mtumbwi uligusa mchanga.

"Mukifika pale," mama aliuliza akishuka, "munakanyagaka polepole?"